Rehani ya Lori Jekundu

Tangu turudi, kila anayepita uani kwetu Temeke anauliza jambo lilelile: "Karani, kulikoni huko Rufiji?" Hamisi amekwisha kuwasimulia kwa namna yake, na katika masimulizi yake mie ni shujaa. Naomba sasa mnisikilize na mie. Nimeona heri niandike, maana nikisema kwa mdomo nitajikuta naruka pale pagumu.

Kwa wale msiotufahamu vizuri: mie ni Elieza, Mpare, karani wa ghala mjini. Hamisi Chilumba ni jirani yangu, mtu wa Lindi, fundi magari. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi hadi Burma, akarudi na kovu shingoni na mapenzi ya ajabu kwa magari yale. Lori letu tulilikuta limetupwa nyuma ya karakana moja, limeota majani hadi kwenye usukani. Lilikuwa la kubebea majeruhi vitani: nyuma ni sanduku la bati, halina dirisha, milango yake inafungwa kwa nje. Tulilikokota hadi uani kwa Hamisi, na kwa muda wa miaka miwili, kila Jumapili nikitoka kanisani, tulilifungua na kulifunga, tukapiga msasa, tukachonga vipuri vilivyokosekana. Halikuwa la biashara. Wengine wana bao na ngoma, sie tulikuwa na lori.

Lilipowaka, ilibaki gia ya kuendesha magurudumu ya mbele. Hamisi alisikia kuwa huko kwao Lindi kuna rundo la malori ya vita ya namna hiyohiyo. Basi tukaamua twende nalo lenyewe, lijaribiwe njiani. Lilikuwa bado na rangi ya chini tu, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Habari za vibali na ruhusa ya kazini sitawachosha nazo.

Temeke hadi Kibiti

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi. Kufika Mbagala mchanga ukatushika mara ya kwanza. Mara ya nne sikuhesabu tena. Mie ndiye niliyekuwa nikishuka kutandika makuti chini ya matairi, na Hamisi anakanyaga mafuta huku akiimba.

Woga wangu wa kwanza ulikuwa breki. Penye mteremko Hamisi alikuwa akipiga pedali mara tatu ndipo lori linasikia. "Usijali," alisema, "zinashika mwishoni." Mie nilikuwa nautazama huo mwisho.

Baada ya Mkuranga tulimpita mwanamke aliyebeba kuni. Alipotuona alizibwaga zote, akakimbilia porini bila kutazama nyuma. Hamisi alicheka, akasema anakimbia mlio wa injini. Maili chache mbele wanaume wawili waliokuwa wanalima wakafanya vilevile, na hao hawakuwa watu wa kukimbia mlio.

Kibiti tulifika jua linashuka, tukasimama kwa mama mmoja anayeuza wali na kambale wa kukaanga. Alitupakulia vizuri, kisha akachungulia lori.

"Nyie watu wa hospitali?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Watu wa serikali?"

"Hapana. Ni gari letu wenyewe," Hamisi akajibu. "Tumelitengeneza kwa kulipenda tu."

Yule mama akatutazama kama tuliomwambia tunafuga chatu kitandani. "Mtu hapendi lori," akasema. Akavuta benchi lake mbali na letu, akakaa.

Alipokuwa anakusanya sahani akaniinamia sikioni. "Wewe unaonekana mtu wa dini. Mkivuka mto, msisimame ovyo. Mwezi uliopita kapotea mtu huko. Watu wanasema mumiani, wanapita na gari jekundu."

Nyote mnayajua maneno ya mumiani. Hata hapa mjini yapo: watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu, eti ikafanywe dawa. Mie nilikuwa nayacheka. Jioni ile sikucheka. Hamisi naye alitafuna kambale wake polepole sana.

Kuvuka mto

Rufiji tulifika siku ya pili mchana. Pantoni ilikuwa mbao zilizofungwa juu ya mitumbwi ya chuma, inavutwa kwa kamba na wanaume sita. Mto ulikuwa mpana, maji rangi ya chai ya maziwa, na viboko walikuwa wanakoroma karibu kabisa na gati. Hamisi aliendesha hadi juu ya mbao, nazo zikalia na kuzama upande mmoja. Maji yakapanda hadi kwenye matairi.

"Rudi nyuma!" nikapiga kelele.

"Breki hazitaki kurudi nyuma!" akanijibu. Mpaka leo sijaelewa maana yake.

Wavutaji hawakutaka kugusa kamba hadi Hamisi alipofungua milango ya nyuma na kuwaonyesha kuwa hamna mtu. Mkubwa wao aliingiza kichwa, akakitoa upesi. Tulivuka hivyo, watu wazima wanane juu ya maji, na kila mmoja anamtazama mwenzake mikononi. Tulilala Utete, karibu na boma, mahali penye bendera ya Mwingereza na askari wa zamu. Sikuwahi kufikiri kuwa nitaipenda bendera ile.

Kijiji kwenye njia ya Mohoro

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, maji ya rejeta yakachemka. Tulikuwa tumeiacha Utete saa mbili na nusu nyuma, mwendo wa mchanga. Hamisi akafungua boneti, mie nikachukua ndoo na kufuata njia ya miguu kutafuta kisima. Nilikikuta, na kwenye kisima palikuwa na msichana. Nikamwambia, "Hujambo, dada." Alitazama uso wangu, akatazama ndoo, akapiga ukelele ambao bado nausikia: "Mumiani! Mumiani wamekuja!"

Nilikimbia kurudi kwenye lori. Hilo lilikuwa kosa, maana mtu asiye na hatia angetembea. Nilipofika, watu walikuwa wametuzunguka, wengi, wana mapanga na mikuki ya kuwindia. Hamisi alikuwa ameinua mikono, na mmoja wao alikuwa amemwekea panga begani.

Aliyewatuliza alikuwa Mzee Mtulia, mtu mrefu mwenye kanzu iliyofifia. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akaagiza milango ya nyuma ifunguliwe.

Ndugu zangu, hebu litazameni sanduku lile kwa macho yao. Ndoano za kutundikia machela. Mikanda ya kumfunga majeruhi asianguke. Debe. Chupa ya mafuta ya breki, mekundu. Na mpira mrefu umekunjwa kama nyoka.

Mzee Mtulia akaunyanyua mpira. "Huu wa nini?"

Hamisi ni askari, hajui kujibu kwa kupinda. "Wa kunyonyea," akasema, kisha akajisikia mwenyewe. "Wa kunyonyea petroli, mzee! Petroli!"

Neno la mwisho hakulisikia mtu. Umati ulivuma, nami nikavutwa shati hadi likachanika. Nilianza kusema Zaburi, nikasahau mstari wa pili.

Hapo akatoka bibi mmoja kwenye nyumba iliyo karibu, mfupi, mikono yake imelowa hadi viwikoni. Alikuwa Bibi Sikudhani, mkunga wa kijiji. Hakutazama panga wala lori, alimtazama Mzee Mtulia tu.

"Nyie mnapigana na bati, na Zuhura anakwisha humo ndani," akasema. "Tangu juzi mtoto amekataa kutoka. Mikono yangu imefika mwisho. Nataka hospitali, na hilo ni gari."

Zuhura alikuwa mkwe wa Mzee Mtulia. Mumewe, Jumanne, ndiye aliyekuwa ameshika panga begani kwa Hamisi. "Bibi," akasema, "nimtie mke wangu tumboni mwa mumiani?"

"Nitaingia naye mie. Wakimnyonya yeye, waninyonye na mie, ingawa sijui mie nina damu gani ya kumtajirisha mtu. Mwanangu, mke wako ukimwacha hapa, jioni unamzika. Chagua woga mmoja."

Mzee Mtulia alilizunguka lori lote. Kisha akatunyooshea kidole, mie na Hamisi kwa zamu. "Gari liende. Mmoja wenu abaki rehani. Gari lisiporudi na watu wangu, aliyebaki hatarudi kwao."

Hamisi anawaambia kuwa nilijitolea. Si kweli. Nilibaki kwa sababu sijui kuendesha gari.

Walimbeba Zuhura kwa mkeka, wakamlaza ndani ya sanduku. Alikuwa ameuma kipande cha kanga, macho yamefumbwa. Bibi Sikudhani akaketi karibu yake na Jumanne akaingia na panga lake. Hamisi akaniambia, "Jua halizami sijarudi, Karani." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa, nami nikafikiri ni maji ya rejeta.

Kubaki

Waliniweka kwenye kibanda cha kuhifadhia mpunga, mlango wazi, vijana wawili mbele yake. Waliniletea bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya majani, bakuli kubwa, na maji ya kunawa. Mwanamke aliyeleta aliweka bakuli chini, akarudi nyuma bila kunipa mgongo. Nilikuwa naogopwa na watu ambao mie nawaogopa. Nilikula kwa sababu nilidhani nikikataa wataona kuwa chakula changu ni kingine.

Mchana Mzee Mtulia alikuja akakaa kizingitini. Alivua kofia, akaipigapiga gotini.

"Huyo mwenzako ni nani?"

"Ni jirani yangu," nikasema.

"Wamjua kwao? Wamjua wazee wake?"

Hapa ndipo pale pagumu. Nimemjua Hamisi miaka sita. Mke wangu alipougua, mke wa Hamisi ndiye aliyempikia. Lakini nje ya kibanda kijana mmoja alikuwa ananoa panga, shwa, shwa, bila haraka, na kinywa changu kikasema chenyewe: "Mzee, simjui sana. Lori ni lake. Mie nimepata nafasi ya safari tu."

Mzee akavaa kofia yake. Akaondoka.

Saa tisa ikapita, na saa kumi. Kila tawi lililovunjika nilidhani ni injini. Jua likakaa juu ya minazi, na watu wakaanza kukusanyika tena. Mama yake Jumanne alianza kulia kwa sauti ya chini kama mtu aliyekwisha kupewa habari. Nilihesabu njia. Saa mbili na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Alipaswa kuwa amefika.

Mzee Mtulia akarudi. "Jua linazama."

Nikasema maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Mzee, huenda ni kweli. Huenda ni mumiani, na mie kanidanganya kama alivyowadanganya nyie. Akirudi, mkamateni yeye. Niacheni mie niende kwa watoto wangu."

Mzee alinitazama. Nilitegemea hasira, au furaha ya mtu aliyepata alichokitaka. Hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na uso wa mtu mzima aliyekaribishwa mahali akakuta uchafu.

"Utalala hapa," akasema. "Kesho tutaona."

Sikufumba jicho.

Lori linarudi

Siku iliyofuata, karibu saa tano, tulisikia mlio. Nilimfahamu Hamisi kwa jinsi anavyopiga gia ya pili. Niliinuka nikimshukuru Mungu, na shukrani ikaishia hapo, maana niliwaona wanaume wakijipanga pande zote mbili za njia. Walikuwa wanafanya nililowashauri.

Lori halijasimama sawasawa wakamvuta Hamisi kupitia mlangoni. Walimlaza kifudifudi, wakamfunga mikono kwa kamba ya mnazi. Alikuwa anauliza, "Kwa nini? Kwa nini sasa?" Mtu mwingine alifungua milango ya nyuma. Sanduku lilikuwa tupu, na sakafu yake ilikuwa na damu, imekauka, imeenea hadi mlangoni.

Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja. Kisha panga likainuliwa.

"Wewe! Lishushe hilo!" sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya lori, mbele.

Upande wa pili wa lori, mlango ulikuwa umekwama kama kawaida yake, na Bibi Sikudhani alikuwa anaupiga kwa kiwiko. Ulipofunguka alishuka taratibu, mguu mmoja mmoja, akaja akasimama juu ya Hamisi, kanga yake inamgusa mgongoni.

"Hiyo ni damu ya uzazi," akasema. "Wanawake, njooni mtazame, nyie mnaijua. Zuhura yu hai, yuko kitandani, mumewe anamlisha uji. Mtoto hatukumpata. Alikuwa wa kiume. Mfungueni mtu huyu kabla sijamfungua mie."

Mama yake Jumanne alikaa chini palepale mchangani, analia na kushukuru kwa pamoja. Hamisi alifunguliwa. Kamba ilikuwa imemchuna. Nilimkimbilia, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Karani, Karani, wamekutesa?" Nikasema hapana.

"Mbona mlichelewa?" nikauliza.

"Kabureta," akajibu.

Bibi Sikudhani, aliyekuwa ananawa miguu, akasema, "Jana jioni tulimtafuta huyu mpaka tukachoka." Hakuna aliyemsikiliza, na mie sikutaka kuuliza maswali siku ile.

Mzee Mtulia alimletea Hamisi kikapu cha mchele. "Tumekukosea," akamwambia. Hamisi akajibu kuwa mtu aliyefiwa na mjukuu haombi radhi kwa mpita njia. Walishikana mikono yote miwili. Kisha mzee akaja upande wangu, akaniinamia, akasema polepole: "Maneno yako sijampa. Ni mzigo wako, utaubeba mwenyewe."

Njia ya nyumbani

Lindi hatukufika. Hamisi aligeuza lori bila kuniuliza, nami sikumuuliza. Utete tulisimama kumwona Zuhura. Alikuwa amegeukia ukutani, Jumanne akatoka nje kutusalimu, akatushika mikono. Kando ya mto tuliiosha sakafu ya sanduku kwa debe, tukainama wote wawili, tunasugua. Wavutaji wa pantoni walitusaidia kuchota maji. Mkubwa wao alimwambia Hamisi, "Leo huna haraka, bwana?" Hamisi akajifanya hakusikia.

Njia nzima hakuimba. Mie nilikuwa nikimtazama mikono, pale kamba ilipomchuna, na kila nikifungua kinywa linakuja shimo la njia au mchanga, nami nashukuru. Kibiti hatukusimama. Tulikula mihogo mibichi tukiwa tunakwenda. Tulifika Temeke siku ya sita, mkaja nyote mkatuzunguka, na Hamisi akaanza kuwaambia jinsi Karani alivyojitoa rehani.

Nilivumilia wiki mbili. Jumapili ya pili sikwenda kanisani. Nilimkuta Hamisi uani, amekaa kwenye ngazi ya lori, hafanyi kazi yoyote. Nikamweleza yote, tangu "simjui sana" hadi "mkamateni yeye." Nilisema nimesimama, kama mtu mbele ya hakimu. Nilikuwa tayari anipige.

Hakuinua kichwa. Alivuta sigara yake hadi ikamchoma kidole.

"Kabureta haikuharibika," akasema.

Nikakaa kando yake kwenye ngazi.

"Nilipowashusha hospitali ilikuwa saa tisa. Nilisema nageuza gari nije kwako. Nikageuza. Nikaenda mtoni. Nikavuka, Karani. Nikavuka nikaifuata njia ya Dar."

"Mpaka wapi?"

"Mbali. Nilikuwa nasema, nitakwenda kwa polisi. Nitaleta askari. Mwongo mie, kituo cha polisi nilikuwa nimekipita palepale Utete. Burma sikukimbia hata siku moja. Juzi nilikimbia." Alifuta uso kwa kitambaa cha mafuta. "Kisha nikasimama, sijui kwa nini. Nilikaa tu nimeshika usukani. Nilipogeuza na kufika mtoni, pantoni ilikuwa ng'ambo, wale watu wamelala. Nililala ndani ya lori upande huu, na wewe upande ule. Ningewakuta macho, ningefika usiku uleule. Au ningekwisha kupata sababu nyingine. Hilo nalo silijui."

Hamisi aliwasha sigara nyingine. Mke wake alileta chai, akatutazama, akaondoka na vikombe viwili vikiwa bado vimejaa kwenye sinia.

"Watu wanataka niwaandikie habari za safari," nikamwambia mwishowe. "Nitaandika langu. Lako nitalinyamazia."

Hamisi akatikisa kichwa. "Ukiandika lako peke yake, watasema wewe ndiye mwoga na mie ndiye niliyerudi. Andika yote mawili. Kisha tuone nani atakuja tena uani kwetu Jumapili."